Jina la Saba Kwenye Orodha

Sekela mwanangu,

Barua hii nitaiweka chini kabisa kwenye begi lako jeusi, chini ya khanga, ili uikute ukiwa umeshafika mbali. Nikikupa mkononi leo utaipokea kwa adabu, utasema "asante Baba", kisha utaiacha mezani kama unavyoacha kila ninachokupa wiki hizi tatu. Isome baada ya Uyole, au hata baada ya Makambako, mahali ambapo hutaweza kunirudishia.

Sasa ni saa tisa alasiri. Mvua imenifungia ndani tangu mchana. Wewe umekwenda Makandana kumuaga shangazi yako, na mama yako yuko barabarani anabishana na fundi kuhusu kiatu chako cha kushoto. Habari za blanketi, za dawa, za mtu wa kukupokea huko Songea unakokwenda kufundisha na za kutopanga chumba kisicho na komeo, mama yako amekwisha kukuambia, na kesho atakuambia tena. Mimi nina jambo moja tu. Ni hilo jina lako kuwa la saba kwenye orodha.

Nataka kulieleza kwa mpangilio, maana mimi ni mtu wa mpangilio na sijui njia nyingine ya kusema ukweli. Shajara yangu iko mezani. Unajua nimeandika kila siku tangu nilipomaliza kidato cha nne, mistari mitatu au minne, hata siku uliyozaliwa. Kuhusu siku ile ya jikoni nimeandika hivi: "Jumanne. Mvua asubuhi. Sekela anasema amechoka. Nimemuuliza tangu lini."

Ndiyo yote niliyoandika, na nikiisoma leo naona aibu. Ulikuwa unamenya ndizi, umenipa mgongo. Kwanza nilidhani unazungumzia kazi za shamba. Halafu ukasema, "Baba, ninaimba kanisani kama ninavyofua. Nguo zinatakata, lakini mimi sipo." Ukasema umefundisha watoto Jumapili, umeongoza vijana, umekesha kwenye misiba, umesali, na sasa ukifungua mdomo husikii kitu upande wa pili. Uliongea taratibu, ukisimama kila baada ya neno, na mimi baba yako, katibu wa jumuiya, nikakuuliza, "Tangu lini?"

Ulinijibu, "Sijui, Baba. Mimi siandiki tarehe."

Ukaendelea kumenya. Nikatoka nje kuangalia ng'ombe ambaye hakuhitaji kuangaliwa.

Ijumaa nilitayarisha orodha ya mwezi, ile ya waumini wa kutembelewa. Jumamosi nikakupa uinakili vizuri, kama ulivyoninakilia tangu ukiwa darasa la sita, kwa sababu mwandiko wako unasomeka na wangu umeharibika. Nikuambie ukweli: sikusahau kwamba jina lako limo. Nilijua. Nilikupa lile daftari kwa mkono wangu nikijua. Nilijidanganya kwamba ukiliona litakuamsha. Uliketi hapa hapa nilipoketi. Uliandika la kwanza mpaka la sita, ukalifikia la saba, ukaliandika kwa mwandiko ule ule mzuri, herufi zote zimenyooka, ukapiga mstari kwa rula. Kwenye safu ya "Sababu" nilikuwa nimeandika "kupoa". Hiyo nayo uliinakili. Ukafunika kalamu, ukachukua kikapu, ukaenda kuchuma chai peke yako hadi jioni.

Tangu siku ile tunaongea habari za chumvi na mafuta ya taa.

Orodha ile unaijua, lakini hujui ilianzaje. Niliianzisha mimi. Ilikuwa miaka ile maduka ya Tukuyu yalipoanza kujaa tena. Wewe ulikuwa mdogo, ulikuwa unashangaa sabuni za rangi. Baada ya miaka ya foleni, ghafla kila kitu kilikuwepo: redio, viatu, nguo za mitumba milima kwa milima pale Bulyaga. Huku kwetu Kyimo, wakati huo huo, lori la chai likaanza kukosa kuja. Nilikuwa karani wa banda la kupimia majani, kwa hiyo ni mimi niliyesimama mbele ya watu na mizani yangu nikiwaambia wasubiri. Walisubiri mpaka majani yakapata joto ndani ya vikapu yakawa mekundu, wakayamwaga mtaroni mbele yangu. Wiki moja, ya pili, ya tano. Unadhani mtu anayemwaga kazi yake ya siku nzima mtaroni Alhamisi anaimba namna gani Jumapili? Watu wakaanza kutokuja kanisani. Wengine walikwenda kwa wale wahubiri wapya wa vipaza sauti, wengine hawakwenda popote, walilala tu.

Wazee walihangaika. Kwenye kikao nikasimama nikapendekeza utaratibu. Mtu akikosa Jumapili tatu, jina lake linaandikwa. Watu watatu wanakwenda kwake, wanaimba ubeti mmoja mlangoni kabla ya kubisha, wanaingia, wanasoma Neno, wanaomba. Kabla ya kuondoka wanamuuliza atarudi lini, na katibu anaandika tarehe. Akitembelewa mara tatu bila kurudi, jina linasomwa mbele ya usharika. Wazee walinipongeza sana. Mmoja alisema ndiyo faida ya kuwa na mtu aliyesoma.

Jina la kwanza kuingia kwenye orodha lilikuwa la rafiki yangu Ambakisye.

Humjui kama mwalimu wa kwaya. Unamjua kama yule baba anayeuza betri na vibiriti Bulyaga, karibu na mashine ya kusaga, ambaye kila ukipita anakupa pipi na mimi nakukataza. Mimi na yeye tulibatizwa siku moja. Kwaya yake ilikuwa inajaza upande mzima wa kulia wa kanisa, na watu walikuwa wanatoka mpaka Masoko kuja kuisikiliza sikukuu ya mavuno. Alikuwa mkali, alikuwa anaweza kumsimamisha mtu nusu saa kwa noti moja. Miaka ile ya lori kukosa, chai yake iliharibika kama ya wengine, mdogo wake akapunguzwa kazi, vijana wa kwaya wakahamia kwenye vipaza sauti na magitaa. Mwisho alikuwa anafundisha watu wanne. Jumapili moja alisimama mbele yao, akainua mikono kuanzisha wimbo, akaiacha juu kwa muda, kisha akaishusha na kwenda kuketi. Tulidhani anaumwa tumbo, lakini Jumapili tatu zilizofuata hakuja kabisa.

Tulikwenda mara ya kwanza. Tukaimba mlangoni, tukaingia, tukasoma, tukaomba. Alituitikia vizuri, mke wake akatupa maziwa ya mgando. Nikauliza tarehe, akasema tuone. Nikaandika "tuone".

Mara ya pili tulikwenda na mzee wa kanisa, yule yule mnene tuliye naye hata leo, ambaye Mungu hakumpa sauti wala habari kwamba hakumpa. Tukaimba mlangoni. Kabla hatujamaliza ubeti, Ambakisye akatoka mwenyewe, mikono imejaa unga, akasema, "Sauti ya tatu mmeshusha. Rudieni hapo." Akatutolea noti kwa mdomo. Tukarudia. Akatikisa kichwa, akasema bado, akatutolea tena. Mwanangu, tulisimama pale uani kama robo saa, Ambakisye akitufundisha sauti ya tatu, na uso wake ulikuwa umefunguka kama zamani. Kisha yule mzee akasema tuendelee na ratiba, mvua inakuja. Tukaingia, tukasoma, tukaomba. Kwenye shajara yangu nimeandika: "Ameonyesha dalili njema." Ndivyo nilivyoona, kwamba amerudi nusu, bado nusu.

Nilipouliza tarehe, aliniangalia mimi peke yangu, akawaacha wale wengine. Akasema, "Karani, mimi siyo kwamba sitaki. Nikifungua mdomo hakuna kitu. Wewe kaa kidogo, hawa watangulie."

Nikamwambia, "Sawa, lakini tuandike Jumapili hii au ijayo?"

Akasema, "Andika ijayo."

Nikaandika, nikafunga daftari, nikaondoka na wenzangu kwa sababu tulikuwa na nyumba nyingine mbili. Hakuja ijayo. Mara ya tatu tulikuta mlango umefungwa na moshi unatoka jikoni. Tuliimba beti zote. Jina lake likasomwa mbele ya usharika, nami ndiye niliyelisoma, kwa sauti ya kutosha.

Hakufa, hakupotea, hakuwa mlevi. Nasema hivyo kwa sababu watu hupenda hadithi za namna hii ziishe kwa msiba, ili tupate kulia na kusamehewa. Yuko hai, anauza betri. Tukikutana ananisalimu kwa lugha yetu, mimi nasema ndaga, yeye anasema ndaga, tunazungumza habari za mvua. Miaka yote hii sijamsikia akiimba hata kwa mluzi. Kukukataza zile pipi hakukuhusu meno yako. Nilikuwa sitaki kusimama pale.

Sasa nakuja kwa lile ambalo hata mama yako hajui lote.

Nilipopunguzwa kazi, banda likafungwa, nilibaki na ukatibu wa jumuiya tu. Nilidhani nina imani ya kutosha, kumbe nilikuwa na shughuli ya kutosha. Miezi michache baadaye nikasoma sura asubuhi nikaona ni kama nasoma tangazo ukutani. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Aliyechoka anaandikwa, na mwandishi ni mimi. Lakini kila ibada ya nyumbani walikuwa wananiomba nifunge kwa sala, "Karani atuombee", na ningekataa wangeuliza. Basi nilifanya jambo ambalo ni mtu kama mimi tu anaweza kulifanya. Nilikuwa nimenakili baadhi ya sala zangu za zamani mwishoni mwa shajara, zile nilizoona zimetoka vizuri. Nikazipa namba. Nikawa nazikariri na kuzisema kwa zamu, moja kila wiki, nikimaliza naanza upya.

Nilikwenda hivyo karibu mwaka mzima na hakuna aliyegundua. Hilo nalo liliniudhi. Niliwatazama ndugu zangu wakiitikia amina kwa nguvu, nikawaza, hawa wanasikiliza nini?

Aliyegundua ni Mama Lusekelo. Wewe unamjua kwa ukali wake na kwa kunyima watoto mapera. Ibada ilikuwa kwake. Nikafunga kwa sala. Watu walipoanza kutoka na miavuli, akaniambia nibaki. Nikadhani anataka kulalamika kuhusu zamu za usafi, maana alikuwa halalamikii kingine.

Akasema, "Karani, leo umeomba mvua."

Nikasema ndiyo.

"Huisikii hiyo kwenye bati? Inanyesha siku ya tisa. Migomba yangu imelala. Wewe unamwomba Mungu aongeze?"

Ile sala niliiandika mwaka ule wa kiangazi, ulipokuwa mchanga, na zamu yake ilikuwa imefika. Nilikuwa nimesikia mvua, nikapandisha sauti ili nisikike juu ya bati, na bado nikaiomba.

Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akaniuliza, "Umechoka, tata?" Akaniita tata, neno letu la kumwita baba, na huyo ni mama aliyenizidi miaka kumi. Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia yote, namba za sala na zamu zake. Nikangoja anisomee kitu. Aliniongezea chai, akasema, "Mimi nilichoka mwaka ule wa kumzika Lusekelo. Mlikuja mkaniimbia mlangoni. Nilitamani kuwamwagia maji."

Nikamuuliza alifanyaje.

"Sikufanya kitu. Dada yangu alikuja kutoka Masoko akakaa mwezi. Alikuwa anasali yeye, mimi naosha vyombo. Nikamwambia siwezi kuamini. Akasema basi lala, mwezi huu nitaamini mimi, wewe usiongeze kelele." Akanitazama. "Wewe njoo tu ibadani ukae. Wakisema Karani atuombee, nitasema leo naomba mimi. Watadhani napenda kujionyesha. Wameshadhani hivyo tangu zamani."

Alifanya hivyo kuanzia mavuno ya maharage mpaka Pasaka. Kila wakisema Karani atuombee, Mama Lusekelo anaruka, "Leo mimi." Watu wakaanza kunung'unika kwamba mama huyu ametawala jumuiya. Mzee wa kanisa alimwonya. Hakujitetea, hakumwambia mtu kwa nini. Nami nilikaa pembeni karibu na mlango, sijui kama niliamini kitu, lakini nilikaa. Pasaka hakukutokea mwanga wowote, Sekela. Sikulia wala kusikia sauti. Mtoto wa jirani alikuwa anaumwa, nikajikuta nimesema maneno mawili kabla Mama Lusekelo hajaruka, na hayakuwemo kwenye daftari. Akaniacha nimalize.

Sasa unaona kinachonikera. Mtu aliyefanyiwa hivyo alitakiwa kujua. Nilikuwa na kila kitu mkononi: makosa yangu kwa Ambakisye, msaada wa Mama Lusekelo, vyote vimeandikwa kwa siku na mwezi. Halafu binti yangu mwenyewe anakuja jikoni anasema amechoka, na mimi nauliza tangu lini.

Nimejiuliza sababu wiki tatu, na jibu nililopata si zuri. Niliona aibu. Mzee wa kanisa alikuwa ameshaniuliza mara mbili, "Katibu, mbona kwaya ya vijana haina kiongozi?" akicheka kidogo. Nikaona watasema anaandika watoto wa watu na wa kwake anamficha. Kwa hiyo nilikuandika, hata kabla hujakosa Jumapili tatu, ili nionekane mtu wa haki. Sikuwa nafikiria roho yako hata kidogo. Ningependa kukuambia nilifanya kwa upendo usiojua njia, lakini ningekuwa nadanganya, na wewe ungejua.

Kuna jingine limenichosha zaidi. Ulipochoka, wewe hukuwa mtu wa kando. Ulikuwa unawabeba wengi. Vijana walipohama, ulibaki. Mwalimu wa Jumapili alipohamishiwa mkoa mwingine kikazi, wakakupa wewe watoto aliokuwa akiwafundisha. Kila aliyeona una nguvu alikuongezea mzigo, na hakuna aliyekuuliza nani anakuombea wewe. Nami nilikuwa nikijisifu. Shajara imejaa: "Sekela ameongoza ibada." "Sekela amekesha msibani." "Sekela amefundisha badala ya mwalimu." Nilihesabu kazi zako kama nilivyokuwa nahesabu vikapu bandani, na sikuwahi kuandika hata mara moja kwamba nilikuuliza habari yako. Nimetafuta leo tangu mchana, ukurasa kwa ukurasa. Hakuna.

Asubuhi, kabla mvua haijaanza, nilikwenda kwa mzee wa kanisa. Nilimwambia jina lako litolewe, na kwamba hiyo orodha yenyewe tuiache. Akanikaribisha kiti, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Lakini Katibu, utaratibu huu ni wa kwako mwenyewe." Nikamwambia ndiyo maana najua ubaya wake. Akasema jambo kubwa kama hilo haliamuliwi na watu wawili, litaletwa kwenye kikao kijacho. Nikamwambia basi mimi siandiki tena. Akasema na hilo litaletwa kwenye kikao, na tafadhali niandae ajenda. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa nimekasirika hata nikampita Mama Lusekelo bila salamu, akanifokea kutoka shambani kwake.

Kwa hiyo usidhani baba yako ameshinda kitu. Kesho asubuhi watakuja kukuaga, sikuweza kuwazuia. Wana haki ya kuaga, wengine walikubeba mgongoni. Wataimba mlangoni. Mzee wa kanisa atasema maneno, na ndani ya maneno hayo kutakuwa na kijembe kuhusu walioiacha kazi ya Bwana njiani. Mimi nimeamua kwamba akifika hapo nitamkatiza. Sijawahi kumkatiza mzee maishani mwangu na sijui nitakavyofanya, huenda sauti itanikwama. Nitamwomba mama yako akuite jikoni ikinikwama, uwaache nami.

Huko uendako watakupokea vizuri. Watagundua kwamba unaimba, kwamba ni mwalimu, kwamba huwezi kusema hapana, na kabla ya mwezi kwisha watakupa kwaya na watoto. Sikuambii ukatae wala ukubali. Sikuambii uende kanisani. Mimi sina tena uso wa kukuambia hilo, na kusema kweli sijui kama kwenda ndiko kutakusaidia kwanza. Ninachojua ni kidogo. Ninajua kwamba sikuwahi kutoka kwenye uchovu wangu kwa nguvu zangu, na kwamba waliokuja wengi kwa pamoja hawakunifaa, ila mmoja aliyekubali kusemwa vibaya kwa ajili yangu. Mtafute mtu mmoja wa namna hiyo. Anaweza asiwe mpole. Anaweza hata asiwe wa dhehebu letu. Utamjua kwa kuwa ukimwambia umechoka, hataharakisha.

Na usipompata, niandikie mimi. Usiniandikie kwamba umekwenda ibadani ili nifurahi, nitajua. Niandikie jinsi ilivyo. Kama ni mstari mmoja wa "Baba, bado", uandike huo huo uutie stempu. Nami nitakujibu habari za ng'ombe na za mama yako, sitakutumia aya. Kuomba nitakuombea, hilo huwezi kunizuia, lakini nitaomba nikiwa huku na sitakuletea taarifa. Ziko siku ambazo nami huwa sina neno, uzijue hizo pia. Siku hizo nitamwambia Mama Lusekelo. Ameshaniambia anakudai salamu.

Ambakisye bado sijamwendea. Najua nitapita mbele ya betri zake kesho, kwa sababu stendi iko upande ule, na nimekuwa nikijiambia nitasimama. Siahidi. Nimeahidi sana katika daftari hili.

Nisamehe, Sekela. Nasema kwa kuandika kwa sababu mdomoni neno hili hugeuka kuwa nasaha. Hukupoa. Ulichoka, na mimi nilikuwa karibu nawe kila siku, sikukupokea hata mzigo mmoja.

Mvua imepungua, nasikia mama yako anaita kutoka njiani, nadhani ameshinda kuhusu kiatu. Jambo la mwisho, na hili nitakuambia pia kwa mdomo usiku huu, maana barua utaisoma ukiwa umeshaondoka. Kesho stendi, mizigo ikishapandishwa juu na kondakta akianza kupiga bodi, mimi najijua: nitataka kukushika kichwa nikuombee kwa sauti mbele ya watu, kama wanavyofanya akina baba wote pale. Ukiona nimeanza kufumba macho, nivute mkono wa koti uniambie basi linaondoka. Sitakasirika. Nitafumbua, nikuangalie tu mpaka mpinde kona.

Baba yako